Ukuta wa nje unarudi kijani kila mvua: tulivyosafisha nyumba ya mama hapa Bukavu (uzi mrefu)

Binti_Nguba

Jambo wandugu. Naandika hii uzi juu mwaka jana nilitafuta mahali pa kusoma hili jambo kwa Kiswahili nikakosa, nikabaki kusikiliza kila mpita njia na kila mmoja alikuwa na dawa yake, na dola 60 zetu zikaenda na maji ya mvua.

Nyumba ni ya mama, iko Nguba, ya zamani, ya wakati wa Wabelgiji, matofali ya kuchoma ndani na krepi (plasta) ya chokaa nje. Upande wa ziwa ukuta ni safi, unapitisha mkono haushiki kitu. Upande wa nyuma, wenye unaangalia kilima, ulikuwa kijani kuanzia chini mpaka usawa wa dirisha, na chini kabisa karibu na mfereji kuna yale majani laini kama kapeti, ukibonyeza na kidole maji yanatoka. Juu kwenye pembe ya paa kuna michirizi myeusi inashuka.

Mwaka jana mwezi wa nane tulimwita kijana wa rangi. Alikwaruza na brosi ya waya nusu saa, akapiga rangi mikono miwili, ukuta ukang'aa, mama akafurahi. Mvua ikarudi Septemba. Kufika mwezi wa kumi na moja rangi ikaanza kuvimba kama chapati kwenye moto, unashika kipande kinabanduka chote, ukigeuza nyuma yake unakuta kijani kibichi kabisa, kizima, kilikuwa kinaishi chini ya rangi wakati wote huo. Nilishika kile kipande mkononi nikasikia uchungu sana, juu ile pesa mama aliiweka kidogo kidogo.

Ndipo siku moja, mvua inapiga kweli, nikavaa buti nikachukua mwavuli nikaenda kusimama nyuma ya nyumba karibu saa nzima. Mama alinigombeza nitashika homa. Lakini hiyo saa moja ilinifundisha kuliko wote wenye nilikuwa nauliza. Gutiera (mfereji wa paa) ilikuwa imefunguka kwenye kiungo, maji yanadondoka pale pale kwenye pembe, na ile michirizi myeusi inaanzia hapo hapo. Upande wenye hauna gutiera maji ya paa yanaanguka juu ya simenti ya chini yanaruka yanarudi ukutani, nikapima na mkono, yanafika kama sentimita 50, na kijani kizito kilikuwa kinaishia hapo, kama mtu amepiga mstari na rula. Na mti wa avoka umefunika upande wote, jua haliingii, upepo haupiti.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila mtu mwenye ukuta wa kijani: kabla hujanunua javeli (dawa ya maji ya klorini), simama kwenye mvua uangalie. Kijani kinaota penye maji yanapita na yanachelewa kukauka, hakiko pengine. Ukisafisha bila kugusa maji, unalipa kila mwaka.

Tulirekebisha gutiera kwanza, tukakata matawi ya avoka ya upande ule (mama hakukubali mti wote uanguke na alikuwa na haki), tukachimba mfereji mdogo chini ya mdomo wa paa tukajaza kokoto ili maji yakianguka yasiruke. Kisha tukangoja mwezi wa sita, kavu, ndipo tukaosha. Namna ya kuosha nitaieleza chini, wacha nile kwanza.

Papa_Kadutu

Binti yangu umefanya vizuri. Mimi ni masoni (fundi wa kujenga), niko kwenye hii kazi miaka mingi, na hicho cha kusimama kwenye mvua ndicho nawaambia watu hawataki kusikia, wanataka niwaambie jina la dawa tu.

Naongeza kitu kuhusu upande wa nyuma. Watu wanauliza kwa nini ni upande wa kilima tu, wengine wanasema ni mambo ya kurogwa. Sisi hapa tuko chini kidogo ya ikweta. Kuanzia Machi mpaka mwisho wa Septemba jua linapita upande wa kaskazini, ni kusema upande wa ziwa kwa nyumba nyingi za hapa. Ule mwezi wa sita, wa saba, wenye kila kitu kinakauka, ukuta wa kusini haupati jua la moja kwa moja hata kidogo. Na jua likirudi kusini, ni miezi ya mvua na mawingu. Kwa hiyo ule ukuta unakosa pande zote mbili. Hapo hata ukifanya nini utabaki na kazi kubwa kuliko ukuta wa mbele, ujue hilo mapema usije ukamlaumu fundi.

Ngoma_ya_Ziwa

Mimi natumiaga vinegari (siki) na chumvi, mama mkwe alinifundisha, ni bei rahisi. Inafaa?

Papa_Kadutu

Hapana ndugu. Vinegari ni asidi, na asidi inakula chokaa na simenti. Weka tone juu ya krepi ya zamani utaona inachemka povu, hiyo povu ni ukuta wako unaondoka. Chumvi ni mbaya zaidi, inaingia ndani ya krepi na haitoki, kila mvua inavuta maji, kila jua inatoka juu nyeupe nyeupe na kubandua rangi, na kama kuna chuma ndani ya poto (nguzo) au linto (boriti ya juu ya dirisha) kinashika kutu haraka. Chumvi iache jikoni.

Binti_Nguba

Nimerudi. Namna tulivyoosha.

Majani yale mazito ya chini tuliyatoa kwanza na kijiko cha mbao cha zamani cha mama, makavu, bila maji. Usitumie kisu wala brosi ya waya. Waya unachimba krepi na vipande vyake vidogo vinabaki ndani vinafanya alama za kutu. Chini ya ile kapeti krepi ilikuwa imelegea kama mchanga wa unga wa muhogo, inadondoka ukipitisha kidole, na kulikuwa na konokono wadogo sana, wadogo kuliko punje ya mchele.

Kisha tukalowesha maua na majani yote ya karibu na maji mengi tukayafunika na sheti la plastiki. Javeli ya kawaida, ile yenye chupa imeandikwa asilimia 2.6, kopo moja kwa makopo matatu ya maji, unachanganya ile ya kutumia siku ile ile tu, juu ikilala inapoteza nguvu. Hata chupa yenyewe ikikaa kwenye jua sokoni miezi, unanunua maji yenye harufu. Chukua yenye haikukaa sana na haikuanikwa.

Tukapaka na brosi laini ya nailoni kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu ukianzia juu inachirizika inaacha mistari. Dakika 15 hivi. Hapo ndipo utaona kwa macho: kijani kinageuka manjano, kisha kinakuwa cheupe kama majani yenye yamekaa chini ya ndoo. Usiache ikaukie ukutani. Uisugue taratibu halafu maji safi mengi kutoka juu kwenda chini. Sehemu nzito tulirudia mara ya pili kesho yake.

Glavu, miwani, nguo yenye hutaihurumia tena. Mdogo wangu alivaa fulana yake ya timu, sasa ina madoa meupe mgongoni na hanisemeshi vizuri mpaka leo.

Maji tulichota ziwani na bidoni, juu kuosha ukuta mmoja kunakula maji mengi kuliko unavyofikiri. Sisi tulimaliza bidoni 14 za lita 20 kwa ukuta wa mita 9.

Shangazi_wa_Bagira

Naomba niseme kitu hapa na naomba kila mtu asome. Kaka yangu, mwaka huu, alikuwa anasafisha ukuta wa nyuma na ngazi, akaona javeli haiendi haraka, akachukua ile asidi ya kusafishia choo akaimimina ndani ya ndoo ile ile. Ikatoka moshi wa manjano-kijani, harufu inakata pua, akaanza kukohoa hawezi kuongea, na ilikuwa nje, hewani! Tulimkimbiza kituo cha afya, akapewa oksijeni, siku tatu kifua kinamuuma. Ile gesi ni klorini. Javeli na asidi yoyote, vinegari, ndimu, ya choo, inaitoa. Na javeli na amonia, mpaka mkojo, inatoa gesi nyingine ya sumu, kloramini; watu wanaosafisha kuta penye watu wanakojoa wamwage maji mengi kwanza. Ikitokea, acha kila kitu, toka uende penye hewa, usirudi kuokoa ndoo.

Binti_Nguba

Shangazi aksanti sana. Pole kwa kaka. Hiyo ingekuwa ya kwanza kabisa kwenye uzi wangu, nisamehewe kwa kuisahau.

Lava_Nyeusi_Goma

Sisi huku Goma shida ni nyingine kidogo. Kiloti (uzio) changu kina ukuta wa mawe ya volkano, yale yenye matundu matundu, na kijani kinakaa ndani ya matundu, brosi haifiki. Na kuna ile kitu ya kijivu kama manyoya magumu, inaota juu ya jiwe lenyewe wala siyo kwenye simenti. Nitoe na nini?

Papa_Kadutu

Ile ya kijivu ni kuvumwani (kuvu na mwani vinaishi pamoja), na kwenu iko nyumbani kwake. Ndiyo ya kwanza kuota juu ya lava ikishapoa, kabla ya nyasi, kabla ya kitu chochote, nenda uangalie lava ya 2002 utaiona. Kama ni ukuta wa kiloti na mawe ni mazima mimi ningeiacha. Haiangushi ukuta. Angalia viungo vya simenti kati ya mawe, vikianza kulegea hapo ndipo pa kufanya kazi. Kama unataka kuitoa kabisa, ile javeli ya binti inafaa, lakini pulizia na pompi ya mgongoni ya shambani ili iingie ndani ya matundu, kisha ngoja, kikishakufa mvua yenyewe inakitoa polepole. Pompi iwe ya plastiki, ukimaliza uioshe na maji safi mara tatu, juu javeli inakula vyuma vya ndani.

Kingine kwa watu wa Goma: wengi wenu mnakusanya maji ya paa kwenye tangi. Siku ya kusafisha paa au ukuta wa juu, toa mpira wa tangi, na mvua mbili za kwanza ziache zipite nje.

Lava_Nyeusi_Goma

Hilo la tangi sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Asante muzee. Na klori ya unga, ile ya kutia kwenye maji?

Papa_Kadutu

Inafaa pia. Ile yenye nguvu ya asilimia 70, gramu 15 kwenye lita moja ya maji inakupa dawa ya asilimia 1, na hiyo kwa ukuta inatosha kabisa. Tia unga kwenye maji, usitie maji juu ya unga. Usiiweke karibu na mafuta au petroli, inaweza kuwaka moto yenyewe. Acha itulie utumie maji ya juu, uchafu mweupe wa chini uuache.

Kaka_wa_Lubum

Huku Lubumbashi tuna miezi mirefu bila mvua, kwa hiyo kijani kinakufa chenyewe, kinabaki madoa meusi na vumbi. Lakini nawapa siri moja ya hapa. Mzee wangu alipigilia bande nyembamba ya shaba juu kabisa ya ukuta wa kiloti, mvua inapita juu yake inashuka, na chini yake kijani hakioti, ukuta unabaki na rangi yake. Watu wa nchi ya shaba tunajua hilo.

Papa_Kadutu

Ni kweli kabisa, maji ya mvua yanabeba shaba kidogo sana na ile inaua mwani, ndio kile kijani chenyewe. Hata zinki inafanya hivyo, angalia chini ya manjanja (mabati) mapya yenye hayana rangi, mara nyingi ukuta unabaki na mstari safi. Lakini mambo mawili. Usiweke shaba juu ya paa la manjanja, maji yenye shaba yakipita juu ya zinki yanaila, utapata matundu. Na usiiweke penye maji yanakwenda kwenye tangi ya kunywa au kwenye bwawa la samaki. Juu ya ukuta wa kiloti peke yake, sawa.

Dada_Muhumba

Swali dogo: kwangu si kijani, ni rangi ya chungwa, nyekundu-nyekundu, kama kutu. Fundi aliniambia ni udongo wetu mwekundu unarukia ukutani. Lakini uko juu, karibu na paa.

Binti_Nguba

Dada, pitisha kidole chenye maji. Kama ni udongo utatoka mara moja. Kama unabaki na unahisi kama unga wa velveti, hiyo ni aina ya mwani, wenyewe ni wa jamii ya kijani lakini una mafuta ya rangi ya chungwa ndani yake yenye yanaficha ule ukijani. Kwa jirani yangu uko vile vile. Dawa ni ile ile.

Na ukiona nyeupe kama chumvi inachipuka chini ya ukuta, hiyo haina uhai, javeli haitaifanya kitu, ni chumvi ya ukutani inatoka na maji yanayopanda kutoka chini. Ipigwe brosi ikiwa kavu, na utafute maji yanatoka wapi.

Ngoma_ya_Ziwa

Na ile mashine ya kupiga maji kwa nguvu? Kuna mtu anakodisha, anafanya nyumba nzima asubuhi moja.

Papa_Kadutu

Kwa ngazi za simenti nzima na kwa jiwe gumu, sawa. Kwa krepi ya zamani ya chokaa, usimruhusu. Nimeitwa nyumba moja ambapo ile mashine ilikuwa imefungua krepi mpaka tofali linaonekana, na maji yaliingia ndani ya chumba cha kulala kupitia viungo vya dirisha. Kurudisha ile krepi iligharimu zaidi ya kusafisha mara kumi.

Sasa wacha nizungumze kitu chenye kinanilaza macho wazi. Hapa Bukavu wengi tumejenga kwenye mteremko, nyuma ya nyumba kuna ukuta wa kushika udongo. Ule ukuta una matundu, mabomba madogo yenye yanatoa maji ya kilima. Watu wakiona kijani kinaota chini ya yale mabomba wanasema ni uchafu, wanaziba tundu na simenti, wanapaka rangi, wanasema sasa ni safi. Maji yakikosa pa kutoka yanakaa nyuma ya ukuta, udongo unakuwa mzito, ukuta unaanza kutoa tumbo, na usiku mmoja wa mvua unaanguka juu ya watu wamelala. Nimesaidia kuchimba, sitaki kuongeza maneno. Kile kijani chini ya tundu kinakuambia tundu linafanya kazi. Kisugue ukitaka, lakini tundu usilizibe kamwe, na kila mwaka kabla ya Septemba pitisha fimbo ya chuma ndani yake utoe majani na udongo. Ukiona tundu lililokuwa linatoa maji limekauka ghafla wakati wa mvua, na kijani kinatokea kwenye ufa wa pembeni, mwite mtu siku hiyo hiyo.

Shangazi_wa_Bagira

Muzee Mungu akubariki kwa hilo. Nimetoka sasa hivi na tochi kuangalia la kwetu. Mawili kati ya manne yameziba.

Dada_Muhumba

Na baada ya kuosha, rangi gani?

Binti_Nguba

Tulingoja wiki tatu ukuta ukauke kweli. Njia yangu ya kupima: nabandika kipande cha plastiki na skochi pande zote jioni, asubuhi nakitoa, kikiwa na umande kwa ndani bado ni mapema.

Kwa kuwa krepi ni ya chokaa, muzee mmoja wa jirani alitushauri turudi kwenye chokaa yenyewe, siyo rangi ya mafuta wala ya plastiki. Chokaa inaacha ukuta upumue, maji yaliyoingia yanatoka, na yenyewe ni kali, mwani haupendi kukaa pale miezi ya kwanza. Tulikwaruza mabaki yote ya rangi ya mwaka jana, juu chokaa haishiki kwenye plastiki. Tukalowesha ukuta, tukapaka nyepesi kama maziwa, siku moja katikati, mara tatu. Ya kwanza ikikauka unafikiri umepoteza wakati, ukuta unaonekana kwa chini. Ya tatu ndiyo inatoka nyeupe. Chunga macho, chokaa ikiingia jichoni ni hatari kubwa kuliko javeli, weka ndoo ya maji safi karibu.

Kama ukuta wako ni wa blok na krepi ya simenti, rangi ya nje ya maji ni sawa, lakini juu ya ukuta uliokufa kijani chake na ukakauka, usirudie kosa langu.

Ngoma_ya_Ziwa

Sasa tuko mwezi wa kumi na moja, mvua kila siku. Binti, leta habari, ukuta umekuwaje?

Binti_Nguba

Nilikuwa nangoja mtu aulize. Nimesimama tena na mwavuli jana jioni, safari hii mama alikuja na yeye akashika tochi.

Ukuta mkubwa uko mweupe. Pembe ya gutiera, hakuna mchirizi hata mmoja. Chini, kokoto zinafanya kazi, maji yanazama hayaruki. Mahali pamoja tu, chini ya dirisha la chumba cha mama, kuna kivuli cha kijani upana wa viganja viwili kimeanza. Tukamulika. Maji yanateremka juu ya ubao wa simenti wa dirisha, yanafika ukingoni, halafu badala ya kudondoka yanajikunja chini yake na kutembea mpaka ukutani. Madirisha mengine matatu yana kamstari kamechimbwa kwa chini, karibu na ukingo, tone likifika pale linakatika linaanguka. Hili la mama lilitengenezwa upya zamani na aliyelitengeneza hakuuchimba.

Papa_Kadutu ameshaniambia kina cha sentimita moja kinatosha. Anakuja Jumamosi, mvua ikitupa nafasi.